Nani akupangie yuniti za insulini: karatasi, simu, mashine au pampu?

Swali ambalo manesi wa kliniki za kisukari huulizwa kila siku ni fupi: "Sista, asubuhi nimesoma 11, niongeze ngapi?" Jibu lake kwa kawaida husubiri siku ya kliniki, na siku hiyo yaweza kuwa baada ya miezi miwili au mitatu. Muda wote huo mtu anakaa na 11 yake, akijidunga dozi ileile, huku macho, figo na miguu vinaumia kimyakimya. Utafiti mkubwa wa DCCT uliofanyika Marekani na Kanada, matokeo yake yakatolewa mwaka 1993, ulionyesha kwamba kwa watu wa kisukari aina ya kwanza, kuibana sukari hupunguza hatari ya jicho kuanza kuharibika kwa asilimia 76. Utafiti huohuo ulionyesha upande wa pili pia: waliobanwa walipatwa na sukari kushuka vibaya karibu mara tatu kuliko wenzao. Ugumu wote uko hapo. Ukichelewa kuongeza dozi unaumia polepole, ukiharakisha unaweza kupoteza fahamu usiku huohuo.

Kompyuta zimeingia kuziba pengo hilo kati ya kliniki moja na nyingine. Zipo za kila aina, kuanzia programu ya bure kwenye simu hadi pampu inayojiendesha, na tangazo la kila moja linasema "inakusaidia kupanga insulini" kana kwamba zote zinafanya kazi moja. Hazifanyi. Kabla ya kuuliza ipi ina akili zaidi, naomba msomaji ajibu maswali mawili: una stripi ngapi za kupimia kwa wiki, na nani atapokea simu yako sukari ikishuka saa nane za usiku? Ukiyajibu kwa ukweli, nusu ya machaguo yanajiondoa yenyewe.

Namba zangu za sukari, nisiposema vingine, ni za milimoli kwa lita, mmol/L, ambazo ndizo zilizozoeleka katika kliniki za Tanzania na Kenya. Kama mashine yako inasoma kwa mg/dL, zidisha kila namba kwa 18. Jambo hili linaonekana dogo, lakini nitalirudia baadaye kwa sababu linaweza kuua mtu.

Karatasi na programu ya simu kwa dozi moja ya usiku

Tuanze na mtu mzima wa kisukari aina ya pili anayemeza vidonge na kujidunga insulini ya muda mrefu mara moja kwa siku. Huyu ndiye mwenye hesabu rahisi kuliko wote. Kanuni inayojulikana kama 3-0-3, iliyojaribiwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kwa watu waliotumia insulini ya muda mrefu iitwayo detemir, inaingia kwenye kadi ndogo. Unapima kabla ya kula chochote asubuhi, siku tatu mfululizo, kisha unatafuta wastani. Ukizidi 6.1, ongeza yuniti 3. Ukiwa kati ya 4.4 na 6.1, usiguse. Ukiwa chini ya 4.4, punguza yuniti 3. Aliyesoma 9.2, 8.6 na 8.9 ana wastani wa 8.9, basi kutoka yuniti 20 anapanda hadi 23, halafu anaanza kuhesabu siku tatu nyingine. Chama cha Kisukari cha Marekani kina kanuni ya upole zaidi: yuniti 2 kila siku tatu, na sukari ikishuka bila sababu inayoeleweka, dozi inakatwa kwa asilimia 10 hadi 20 mara moja.

Sasa weka pembeni yake programu kama Insulia ya kampuni ya Voluntis, iliyopata kibali cha mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwaka 2016, au My Dose Coach ya Sanofi iliyofuata mwaka 2017. Ukizifungua ndani utakuta hesabu ya ukoo uleule: sukari ya asubuhi, lengo lililowekwa na daktari, hatua ya kupanda au kushuka. Simu haina siri ya kitabibu ambayo karatasi haina. Inachoongeza ni uangalifu. Inakumbuka kwamba jana hukupima. Haikubali upandishe dozi kama juzi sukari ilishuka, wakati mtu mwenye karatasi huweza kuisahau ile 3.4 ya Jumanne kwa kuwa ya Jumatano ilikuwa 9. Tena hutuma rekodi kwa anayekutibu. Zote mbili huanzishwa na mtaalamu wa afya, anayeweka lengo na mipaka kabla mgonjwa hajapewa ushauri wowote, na mimi naona hilo ni sifa wala si usumbufu.

Hukumu yangu hapa iko wazi. Kama kliniki yako ina nesi anayepokea ujumbe na kuusoma, programu ya namna hii inastahili. Kama upande wa pili hakuna mtu, simu haikuzidishii chochote kuliko kadi iliyoandikwa vizuri na daktari, ikakunjwa na kutiwa ndani ya boksi la insulini. Gharama ya vipimo ni moja kwa zote mbili: stripi moja kwa siku, yaani kasha la stripi 50 linakufikisha karibu wiki saba. Hakuna njia nyingine ya kupanga insulini kwa usalama inayokula stripi chache hivyo. Na wala karatasi hii wala programu hizo si za mtoto, si za mjamzito, si za mtu wa kisukari aina ya kwanza. Kwa mzee anayeishi peke yake au mwenye figo dhaifu, lengo la 6.1 ni la chini mno, daktari alipandishe.

Wenye Mixtard wako wapi?

Swali hili halina budi kuulizwa kwa sauti, kwa sababu wagonjwa wengi wa kwetu hawatumii insulini ya muda mrefu mara moja kwa siku. Wanatumia insulini mchanganyiko kama Mixtard, asilimia 30 ya muda mfupi na 70 ya muda wa kati, asubuhi na jioni. Programu mbili nilizozitaja hazikutengenezwa kwa ajili yao. Mtu akichukua kanuni ya dozi moja na kuifanyia Mixtard, ataongeza mahali pasipohitajika.

Utaratibu wa mchanganyiko ni wa kukingamana. Sukari ya asubuhi kabla ya kunywa chai inatoa habari za dozi ya jana jioni. Sukari ya jioni kabla ya chakula inatoa habari za dozi ya leo asubuhi. Mara nyingi mtu huamka na 12, akaongeza dozi ya asubuhi ileile, na saa kumi jioni anatetemeka kijasho kikimtoka, huku kesho yake akiamka tena na 12. Kabla ya kugusa dozi ya jioni, amka usiku mmoja au miwili saa tisa upime, hasa kama umekuwa ukiota ndoto mbaya au shuka limeloa jasho. Kwa kazi hii stripi mbili kwa siku zinahitajika wakati wa kurekebisha, pamoja na hizo chache za usiku.

Kifaa ninachokifahamu kilichobuniwa kuhudumia mipango yote ya insulini kwa aina ya pili, mchanganyiko ukiwemo, ni d-Nav ya kampuni ya Hygieia ya Michigan. Kilianza kama mashine ya kupimia sukari yenye hesabu ndani yake: unapima, inakuambia dozi ya sasa, na kadiri wiki zinavyokwenda inajirekebisha yenyewe. Jaribio lake lilichapishwa na jarida la Lancet mwaka 2019. Watu 181 waligawanywa kwa kura, na pande zote mbili zikapata huduma sawa ya wataalamu. Baada ya miezi sita, kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, kilishuka kwa wastani wa pointi 1.0 ya asilimia kwa waliokuwa na kifaa na 0.3 kwa wasiokuwa nacho, bila sukari kushuka mara nyingi zaidi. Tofauti hiyo ni kubwa, inalingana na ile ambayo watu huitarajia kwa kuongezewa dawa mpya. Lakini kifaa hicho huja na huduma nzima, wauguzi na ufuatiliaji, na kinataka upime kila unapojidunga. Aliye Marekani mwenye bima na amuulize daktari wake. Aliye Tabora anufaike na funzo lake: kinachoshusha HbA1c ni kurekebisha dozi mara kwa mara kwa vipimo halisi, na hilo linaweza kufanywa na nesi aliyefundishwa, kwa simu ya kawaida, kila wiki.

Ramadhani nayo ina hesabu yake. Mwenye mchanganyiko anayefunga kwa ruhusa ya daktari huhamishia dozi yake ya asubuhi wakati wa kufuturu, na dozi ya jioni huhamia daku ikipunguzwa kwa robo hadi nusu. Programu ambayo haikuambiwa kwamba mtu amefunga itaisoma sukari ya saa kumi na mbili jioni kana kwamba alikula mchana, na ushauri wake utakuwa wa mtu mwingine. Mwezi huo izime, ufuate mpango ulioandikiwa.

Vikokotoo vya chakula: vinavyopakuliwa sana, vinavyotisha zaidi

Kundi hili ni la wanaotumia insulini ya haraka kabla ya kila mlo, wengi wao wakiwa aina ya kwanza. Hesabu yenyewe haina fumbo. Gramu za wanga unaokula unazigawa kwa kiwango chako, kisha unaongeza marekebisho ya sukari iliyo juu, kisha unaondoa insulini ya dozi iliyopita ambayo bado inafanya kazi mwilini. Mlo wa gramu 60 kwa mtu ambaye yuniti moja inamtosha gramu 10 ni yuniti 6. Sukari yake ni 13, lengo ni 7, yuniti moja humshusha 3, kwa hiyo anaongeza 2. Bado ana yuniti 1.5 za saa mbili zilizopita. Jibu ni 6.5.

Kikokotoo kizuri kinakusaidia hasa kwenye hatua ile ya mwisho, kwani ndiyo ambayo binadamu huisahau na kurundika dozi juu ya dozi. Kibaya kinaua. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walichapisha uchunguzi wa programu 46 za simu za kukokotoa dozi ya insulini. Asilimia 67 ziliweza kutoa dozi isiyofaa. Asilimia 91 hazikuhakiki namba iliyoingizwa kama ina mantiki. Zaidi ya nusu zilitoa jibu hata kisanduku kimoja kikiachwa wazi. Hebu fikiria dada wa chuo ambaye mashine yake mpya, aliyoletewa zawadi kutoka Marekani, inasoma mg/dL. Imeandika 130, ambayo ni 7.2 tu. Anaiingiza kwenye programu iliyowekwa mmol/L: 130 toa 7, gawa kwa 3, ni yuniti 41. Programu isiyohakiki itamwandikia 41 bila kusita.

Tatizo la pili ni sahani. Hazina za vyakula ndani ya programu nyingi zimejaa mikate ya pakiti na nafaka za kifungua kinywa za Ulaya. Ugali, makande, ndizi za nyama, chapati ya mama ntilie ambayo unene wake unamtegemea aliyeisukuma, havimo, au vimo kwa kukisiwa. Majedwali ya viini vya vyakula vya Tanzania yalitolewa mwaka 2008 na ya Kenya mwaka 2018. Mzani mdogo wa jikoni pamoja na majedwali hayo unakufaa kuliko programu yenye picha elfu za vyakula usivyokula. Stripi zake ni nne kwa siku au zaidi, kwa hiyo lile kasha la 50 halifiki wiki mbili. Asiyeweza kulinunua tena asianze njia hii. Dozi zisizobadilika na milo inayofanana siku hadi siku vina usalama zaidi kuliko kikokotoo kinacholishwa makisio.

Kompyuta haioni chupa

Hapa nataka kukaa kidogo, maana sijaona tangazo linalolitaja. Kanuni zote, ya karatasi na ya mashine, zinachukulia kwamba insulini iliyo ndani ya bomba ni nzima, imeingia mahali pazuri, na imepimwa sawasawa. Chupa iliyokaa wiki tatu juu ya kabati chini ya bati, Dodoma mwezi wa Novemba, imepoteza nguvu. Sukari inapanda. Kanuni inasema ongeza 3, kisha 3, kisha 3. Mwisho wa mwezi mgonjwa anafungua chupa mpya kutoka kwenye friji ya duka la dawa na kujidunga dozi ile iliyopandishwa kwa ajili ya insulini iliyokufa. Usiku ule ndio wa kuogopa.

Ni vilevile kwa anayejidunga mahali pamoja hadi pakawa na uvimbe mgumu: insulini hunyonywa vibaya hapo, dozi hupandishwa, na siku anapohamia ngozi nzima inamshusha. Tena ziko bomba za sindano za U-40 na za U-100, yaani za insulini yenye yuniti 40 au 100 kwa kila mililita. Ukichota insulini ya U-100 kwa bomba la U-40, unapata mara mbili na nusu ya ulichodhani. Kabla ya kufuata ushauri wowote wa kupandisha, kagua tarehe uliyofungua chupa (nyingi hudumu wiki 4 hadi 6 nje ya friji kwenye ubaridi wa kawaida, kutegemea aina), papasa tumbo na mapaja, na soma maandishi kwenye bomba. Mtungi wa udongo wenye mchanga uliolowanishwa, ukiwekwa kivulini, unalinda insulini kijijini, na kwa asiye na friji utamsaidia kuliko programu yoyote.

Ushauri kwa daktari, na pampu inayojiendesha

Kuna mifumo ambayo haimsemeshi mgonjwa kabisa, inamshauri anayemtibu. Kizazi chake ni cha zamani: chuo kikuu cha Aalborg, Denmark, kilikuwa na mfumo wa DIAS, na mwaka 1996 programu ya AIDA ya Lehmann na Deutsch ilifunguliwa bure kwenye intaneti ili watu wajifunze jinsi insulini na chakula vinavyokwenda pamoja. AIDA iliandikwa wazi kwamba si ya kupanga dozi ya mtu halisi. Mrithi wa siku hizi ni Advisor Pro ya DreaMed ya Israeli, iliyoidhinishwa na FDA mwaka 2018. Jaribio lake lilichapishwa mwaka 2020: vijana 108 wa miaka 10 hadi 21, wote wenye pampu, nusu wakirekebishwa dozi na kompyuta na nusu na madaktari bingwa. Muda ambao sukari ilikaa ndani ya mipaka ulikuwa asilimia 50.2 kwa kompyuta na 51.6 kwa madaktari, hivyo kompyuta haikuzidiwa kwa kiasi cha maana. Kwa nchi ambazo madaktari bingwa wa kisukari cha watoto wanahesabika, mimi naona tumaini langu kubwa liko hapa, mashine inayomkalia begani daktari wa wilaya. Kwa sasa tatizo ni kwamba inalishwa takwimu nyingi za kila siku, na mtoto mwenye stripi mbili kwa siku hana cha kuilisha.

Pampu inayojiendesha ndiyo mwisho wa safari hii. Sensa, yaani kijikifaa kilichobandikwa mwilini, inasoma sukari kila dakika tano, kompyuta inaamua, pampu inadunga. MiniMed 670G ya Medtronic ilikuwa ya kwanza kuidhinishwa na FDA, Septemba 2016, na mtumiaji bado alilazimika kuiambia anapokula. Desemba 2023 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya matibabu Uingereza, ilipendekeza mifumo hii kwa watu wengi wa aina ya kwanza katika huduma ya umma ya Uingereza, kwa hiyo Mswahili anayeishi Leicester au London mwenye mtoto wa aina ya kwanza na aulize bila aibu. Akija Mombasa au Unguja likizo, abebe sindano na insulini ya muda mrefu mkobani. Pampu ina insulini ya haraka peke yake. Ikiziba au mirija yake ikiisha, mwili unabaki mkavu bila insulini ndani ya saa chache, na asidi huanza kupanda kwenye damu. Anayeishi Mwanza au Kisumu na anafikiria kununua asihesabu bei ya pampu. Ahesabu bei ya sensa na mirija kila mwezi, kwa miaka.

Wodini ni habari nyingine. Programu ya Glucommander ilibuniwa Atlanta miaka ya 1980 kwa insulini ya dripu. Msingi wake ni mwepesi: sukari kwa mg/dL toa 60, zidisha kwa 0.02, upate yuniti kwa saa. Sukari ya 360 mg/dL inatoa yuniti 6, kisha kizidisho kinapanda au kushuka kutokana na kipimo kinachofuata. Kinachofuata ndicho neno zito, kwani vipimo ni karibu kila saa. Wodi yenye nesi mmoja usiku kwa vitanda 30 isiianze. Utafiti wa NICE-SUGAR wa mwaka 2009, wenye wagonjwa mahututi zaidi ya 6,000, ulionyesha vifo vingi zaidi kwa waliobanwa sana: asilimia 27.5 dhidi ya 24.9. Karatasi ukutani yenye lengo la 7.8 hadi 10 inatosha na ina usalama.

Ukishachagua programu au kifaa, usiingize sukari yako halisi siku ya kwanza. Kaa na daktari au nesi wako muijaribu kwa namba za uongo. Ingiza 2.8 uone kama itakataa kutaja dozi na kukuambia unywe maji yenye vijiko vidogo vitatu vinne vya sukari, upime tena baada ya dakika 15. Acha kisanduku cha sukari wazi, ubonyeze kokotoa. Ingiza 130 mahali pa mmol/L. Ikikuandikia yuniti kwenye lolote kati ya hayo matatu, ifute kwenye simu palepale, na umwambie aliyekupendekezea aifute pia.